Sadaka moja tu: kumjibu ndugu Mprotestanti juu ya Misa



Katika familia zetu za Kongo, Mkatoliki na Mprotestanti hula sahani moja. Hivi karibuni, katika kilio cha ukoo wetu, shemeji yangu aliye mwinjilisti aliniuliza mbele ya vijana: “Waraka kwa Waebrania wafundisha kwamba Kristu alijitoa mara moja tu. Mbona ninyi mnamtoa kila siku?” Vijana wakanigeukia. Swali hilo ni la haki, tena lina historia ndefu. Afadhali tuijue kuliko kujibu kwa hasira.

Mwaka 1529, Luther na Zwingli walikutana mjini Marburg, Ujerumani, kwa wito wa mtawala Philipp wa Hesse. Walipatana katika mafundisho mengi, ila si juu ya maneno ya Bwana kuhusu mwili wake. Luther aliyaandika maneno hayo mezani kwa chaki, akakataa kuyafanya mfano mtupu. Hata hivyo wote wawili walikana kwamba Misa ni sadaka, wakiona kwamba hilo lingepunguza sadaka ya Msalaba.

Mtaguso wa Trento ulijibu tarehe 17 Septemba 1562. Mababa wa Mtaguso hawakusema kwamba Kristu anakufa tena. Walifundisha kwamba anayetolewa ni yuleyule, na anayetoa ni yuleyule, sasa kwa huduma ya mapadri. Kinachotofautiana ni namna ya kutoa: Msalabani kwa kumwaga damu, altareni bila kumwaga damu. Tena waliwaagiza maaskofu kung’oa tamaa ya fedha na ushirikina katika adhimisho la Misa. Basi walikiri kwamba baadhi ya manung’uniko yalikuwa ya kweli.

Je, fundisho hilo lilibuniwa Trento? La. Karibu mwaka 155, mjini Roma, Mtakatifu Yustino shahidi alimweleza Kaisari ibada ya Dominika: masomo ya mitume na manabii, mahubiri, sala, mkate na divai yenye maji, shukrani, na “Amina” ya watu wote. Mashemasi waliwapelekea wasiokuwapo, na michango ikawasaidia yatima na wajane. Yustino huyo huyo, akijadiliana na Myahudi Trifo, aliona katika mkate na kikombe cha Ekaristi ile sadaka safi iliyotabiriwa na nabii Malaki (1:11). Naye aliishi zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu kabla Luther hajazaliwa.

Yustino alisoma Maandiko yale yale tunayosoma sisi. Bwana aliagiza karamu yake ifanywe kwa ukumbusho wake (Luka 22:19). Katika Biblia, ukumbusho si kuwaza tu mambo yaliyopita. Israeli waliamriwa kuadhimisha Pasaka kama ukumbusho wa vizazi vyote (Kutoka 12:14), na kila kizazi kilijihesabu kuwa kimeokolewa Misri. Mtume Paulo naye analinganisha meza ya Bwana na altare ya Israeli, na pia na sadaka za wapagani (1 Wakorinto 10:16-21). Kama meza hiyo isingehusiana na sadaka, ulinganifu huo ungekuwa na maana gani?

Na Waraka kwa Waebrania? Unasema kweli: mara moja tu. Lakini unaongeza kwamba Kristu yu hai daima akituombea (7:25), naye amesimama mbele ya Mungu kwa ajili yetu (9:24). Sadaka ni moja, wala Kuhani wake hajaacha ukuhani. Misa haiongezi kitu juu ya Msalaba. Yatuweka sisi, watu wa leo, chini ya Msalaba huo.

Shemeji hakukubali yote. Alisema atasoma tena, kisha akaniuliza kwa upole: “Kama ndivyo mnavyoamini, mbona wengi wenu huchelewa, tena hutoka kabla ya baraka?” Hapo nilikosa jibu. Paulo aliwakemea Wakorinto waliokula karamu ya Bwana huku maskini wao wakibaki na njaa (1 Wakorinto 11:20-22). Basi, wapendwa, tujifunze kuitetea Misa kwa Biblia mkononi, kwa heshima kwa ndugu zetu. Lakini tukumbuke kwamba wanatusoma sisi kwanza: jinsi tunavyoingia kanisani, na jinsi tunavyowatendea yatima na wajane wa jumuiya zetu tukishatoka.