Aplikesheni Yetu Ilipata Watu 11

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka juzi mimi na mabeshte wangu wawili tulifungua studio ya dizaini kwa chumba kimoja huko Rongai. Studio ni jina la heshima tu. Tulikuwa na meza moja, laptopu mbili na mwenye nyumba ambaye hadi leo anadhani tunauza simu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, na nyumbani walikuwa wananiangalia kama abiria aliyeshuka kabla ya steji. Kwa hivyo mteja wa kwanza alipobisha, nilitaka kazi kubwa. Kazi ya kumuonyesha mzee wangu.

Mteja alikuwa mama mwenye saluni. Shida yake ilikuwa rahisi: watu waone mitindo anayosuka, wajue bei, waitishe nafasi. Sisi tukamwambia anahitaji aplikesheni. Shilingi 60,000. Alizitoa kwa chama, zamu yake ilipofika. Tulijenga miezi mitatu. Manze, ilikuwa safi! Rangi zimepangika, picha zinateleza ukizigusa, kalenda yake peke yake ilitukosesha usingizi wiki mbili.

Ilipakuliwa na watu 11. Watatu ni sisi. Mmoja ni mamangu.

Wateja wa saluni waliendelea na mambo yao kwa WhatsApp: wanatuma picha waliyoitoa mahali, "Nataka hii, ni ngapi?" Mama wa saluni hakutupigia kelele. Alisema tu, "Mimi sikuwa nataka aplikesheni. Nilitaka watu waone nywele." Ningependa angepiga kelele.

Nilipomaliza kununa, nilianza kusoma historia ya simu nikitafuta mahali tulipotea. Nilikuta kosa letu ni la kitambo, na waliofanikiwa mbele yetu karibu wote walipita njia moja: waliangalia mtu anafanya nini tayari na kitu kilicho mkononi mwake, halafu wakamtolea vizuizi njiani.

Anza na picha. Tarehe 11 Juni 1997, huko Santa Cruz, California, mke wa Philippe Kahn alikuwa hospitalini akijifungua. Kahn alikuwa mtu wa kutengeneza programu za kompyuta, na siku hiyo alikuwa na kamera ya dijitali, laptopu na simu ya mkononi. Vitu vitatu ambavyo havikuwa vinajuana. Akaviunganisha palepale, na binti yake alipozaliwa, picha ikafikia watu zaidi ya 2,000. Wengi huhesabu hiyo kuwa picha ya kwanza kutumwa papo hapo kupitia simu ya mkononi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2000, Wajapani walikuwa wanauziwa simu ya Sharp iitwayo J-SH04 yenye kamera nyuma. Picha zake zilikuwa na pikseli kama 110,000, yaani leo ungedhani lenzi imepakwa mafuta ya kupikia. Watu walizipenda hivyo hivyo, kwa sababu unapiga na unatuma bila kutafuta waya.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya M-Pesa Nairobi na Thika, wakishirikiana na Faulu. Wengi wetu hatujui hii: mpango wa kwanza ulikuwa kulipa mikopo. Unakopa kwa Faulu, unarudisha kwa simu, basi. Lakini Nick Hughes na Susie Lonie, waliosimamia kazi hiyo kutoka Vodafone, wakaona watu wanaitumia kivyao. Wengine walikuwa wanatumiana pesa, wengine wanalipana wao kwa wao kwa biashara. Fikiria uko mahali pao. Umepanga kitu, umekitafutia pesa, halafu mtu wa Mathare anakitumia kwa kazi nyingine. Unaweza kumfundisha "njia sahihi," ama unaweza kumfuata. Walimfuata. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mambo ya mikopo yalikuwa yamewekwa kando na ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Na angalia ilivyojengwa. Menyu ilikaa ndani ya laini yenyewe. Haikuitisha intaneti, wala rangi, wala simu ya bei. Ile mulika mwizi ya nyanya yangu, yenye tochi na betri ya wiki nzima, ilitosha. Nani angeiita hiyo dizaini nzuri? Maandishi tu kwenye kioo kidogo. Lakini nyanya, ambaye hajawahi kuitwa mtumiaji wa teknolojia na mtu yeyote, aliijua kuliko mimi ninavyojua programu zangu za kuchora.

Januari 2008, nchi ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake walijenga Ushahidi kwa siku chache. Ilikuwa tovuti yenye ramani. Mtu akiona ghasia, anatuma ripoti kwa SMS ama kwa mtandao, na inaonekana kwa ramani. Hakuna aliyeambiwa apakue kitu kwanza. Mtu anayekimbia hana muda wa kupakua. Miaka miwili baadaye mfumo huohuo ulitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Sasa hii homa ya kila kitu kuwa aplikesheni ilitoka wapi? iPhone ilianza kuuzwa Marekani Juni 2007 ikiwa haina duka la aplikesheni kabisa. Steve Jobs aliwaambia watengenezaji wajenge vitu vyao kwa wavuti, wavifungue kwa kivinjari cha simu. Duka lenyewe lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na aplikesheni kama 500. Hapo kila kampuni ikataka ikoni yake kwa kioo cha mtu, na sisi wa Rongai, miaka mingi baadaye, tukaimba wimbo huo bila kuuliza mtunzi ni nani.

Lakini hata upande wa aplikesheni, iliyovuma ni ile iliyopunguza. Kevin Systrom na Mike Krieger walikuwa na kitu kinaitwa Burbn. Kilikuwa na kusema uko wapi, kupanga mipango, kupata pointi, picha, vurugu tupu. Wakaona watu wanachogusa kweli ni picha. Wakatupa karibu kila kitu, wakabaki na picha, maoni na kulike. Oktoba 2010 ikatoka kwa jina Instagram. Aprili 2012 Facebook ikakubali kuinunua kwa dola bilioni 1, ikiwa na wafanyakazi 13.

Mwaka huohuo wa 2010, mwezi wa Mei, mbunifu mmoja Mmarekani, Ethan Marcotte, aliandika makala kuhusu kutengeneza ukurasa mmoja wa wavuti unaojipanga wenyewe kulingana na kioo, kiwe cha kompyuta ama cha simu. Na kabla ya hapo, tangu 2006, Opera Mini ilikuwa inabana kurasa kabla zifike kwa simu ndogo ndio zisimalize data. Kama uliwahi kusoma matokeo ya mpira kwa kabambe, wewe ni sehemu ya historia hii.

Nikajumlisha yote nikaona kosa letu waziwazi. Aplikesheni inamuomba mtu vitu vitatu: nafasi kwa simu, bando, na kukumbuka kwamba ipo. Kitu unachotumia kila siku kina haki ya kuomba hivyo. Saluni unayoenda mara moja kwa mwezi haina. Wateja wa huyu mama wana simu zilizojaa picha za watoto, na wananunua bando la shilingi 20. Sisi tulibuni kwa ajili ya laptopu zetu, na kwa ajili ya mzee wangu.

Tulirudi saluni tukiwa na ukurasa mmoja mwepesi wa simu: mitindo, bei, na kitufe kinachofungua WhatsApp yake moja kwa moja. Kazi kubwa ilikuwa picha, na tulizipiga kwa simu yake mwenyewe. Tulifuta lenzi kwa kitambaa, tukaweka kiti karibu na dirisha asubuhi, tukatundika leso nyeusi nyuma, na kila kichwa tukakipiga upande na kisogoni, kwa sababu mtu anayesuka anataka kuona mistari. Halafu tukabana kila picha ndio ifunguke hata mtandao ukisuasua.

Hapo nikakumbuka wapiga picha wa feri ya Likoni, Mombasa, wale wa zamani na vibanda vyao vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mtu alikuwa anasimama mbele ya ndege ya rangi, na picha inaenda nyumbani bara kusema, niko sawa huku. Wale jamaa walijua mteja anataka kuonekana vipi kabla hata hajakaa. Hawakuwa na laptopu.

Kuhusu zile 60,000: tulikubaliana tumrudishie 20,000, kwa sababu ukurasa ni kazi ndogo kuliko tuliyomlipisha. Tumebakisha awamu mbili. Wiki iliyopita nilipeleka moja, nikamkuta anamuonyesha msichana picha kwa simu. Msichana aliangalia kisogo, akauliza, "Hii ni ngapi?" Bei ilikuwa imeandikwa hapo chini, lakini alitaka kuuliza tu.

Mama akamjibu. Mimi nikatoa notibuku nikaandika: watu bado wanapenda kuuliza. Sijui tutafanya nini na hiyo, lakini safari hii tutaangalia kwanza.