Gadi, Kikapu na Hesabu: Historia ya Kipimo



Wengi wetu bado tunaikumbuka tarehe 25 Juni 2009. Usiku ule, mjini New York, timu za ligi ya NBA zilikuwa zikichagua vijana wapya, na wa pili kutajwa alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, kijana mwenye urefu wa mita 2.21, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo. Wa tatu kutajwa alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry. Hawa wawili ni gadi, yaani wachezaji wanaopandisha mpira, kuanzisha mashambulizi na kupenya kuelekea kikapuni. Miaka ikapita. Thabeet alicheza misimu mitano kwa wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Curry alitunukiwa uchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na 2016, na Harden mwaka 2018.

Tangu wakati huo maneno hayajaisha barazani. Wapo wanaomlaumu kijana wetu, na wapo wanaowacheka waliomchagua. Mimi ni mhandisi, na kazi yangu imenifundisha kwamba kabla ya kugombana juu ya jibu, ni vyema kukagua kipimo. Mwenye duka akikupimia mchele kwa kibaba chenye tundu, usimlaumu mkulima. Basi naomba tuitazame historia ya kipimo chenyewe: ni kwa jinsi gani watu walijifunza kuihesabu kazi ya gadi, na kwa nini iliwachukua zaidi ya miaka mia moja.

Mchezo huu ulibuniwa na James Naismith huko Springfield, Massachusetts, mnamo Desemba 1891, kwa vikapu vya kubebea matunda na kanuni 13. Katika kanuni zile mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira. Aliyeudaka alipaswa kuutupa kutoka pale pale alipousimamia. Kudunda mpira kulikuja baadaye. Kwa hiyo kazi ya gadi kama tunavyoijua leo haikuwepo kabisa. Mechi ya kwanza ilimalizika kwa bao moja kwa sifuri, na kitu pekee cha kuhesabu kilikuwa bao lenyewe.

Hesabu ya kwanza iliyobadilisha mchezo ilitokana na uchovu wa watazamaji. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, kwa sababu waliukumbatia mpira ili yule jitu wa Lakers, George Mikan, asiupate. Nani atalipa kiingilio kutazama hayo? Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, akaja na hesabu ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza. Aliona kwamba mechi nzuri huwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, jumla 120. Mechi ni dakika 48, yaani sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Mwaka 1954 ligi ikaweka saa ya sekunde 24, na iko hadi leo. Kwa kugawanya huko, kila zamu ya kushambulia ikawa kitu chenye mipaka, kinachoweza kuhesabika.

Lakini karatasi ya mwandishi wa mechi haikubadilika haraka hivyo. Msimu wa 1961-62 Oscar Robertson, gadi wa Cincinnati, alipata wastani wa pointi 30.8, mipira ya kudaka 12.5 na pasi za mabao 11.4 kwa mechi. Je, alipoteza mipira mingapi? Haikuandikwa. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa na mipira iliyopokonywa msimu wa 1973-74, na mipira iliyopotezwa msimu wa 1977-78 tu. Hapo ndipo penye siri. Kazi ya mchezaji mrefu ni rahisi kuiandika: kadaka, kazuia, kafunga. Kazi ya gadi haina umbo hilo. Gadi anampita mlinzi wake, walinzi wawili wengine wanamkimbilia, anatoa mpira pembeni, aliyepokea anampasia wa tatu, naye anafunga. Mfungaji anaandikiwa pointi, mtoa pasi ya mwisho anaandikiwa pasi. Aliyefungua mlango haandikiwi chochote.

Hata pale gadi alipofunga mwenyewe, kipimo kilimchanganya mtu. Mfano ni Allen Iverson wa Philadelphia, mtu wa mita 1.83, mchezaji bora wa ligi msimu wa 2000-01. Alipata pointi 31.1 kwa mechi, lakini kati ya kila mitupo 100 aliingiza 42 tu. Mashabiki wake walishika namba ya kwanza, na wapinzani wake wakashika ya pili. Kila upande ulisema namba hazidanganyi.

Hebu tupige hesabu. Iverson alitupa mara 25.5 kwa mechi. Lakini kwa kuwa alijitosa ndani bila kuogopa miili mikubwa, alichezewa faulo na kupewa mitupo huru 10.1 kwa mechi, ambayo haimo kabisa katika ile asilimia 42. Wanatakwimu huizidisha mitupo huru kwa 0.44 ili kupata idadi ya fursa, kwa sababu si yote huja miwili miwili. Mmoja huja baada ya bao lililoambatana na faulo, mingine kwa makosa ya kiufundi. Kwa hiyo 10.1 mara 0.44 ni kama 4.4, jumlisha na 25.5, unapata fursa 30 hivi. Pointi 31.1 kwa fursa 30 ni pointi 1.04 kwa fursa, takribani sawa na wastani wa ligi ya wakati ule. Hakuwa mpotezaji kama walivyodai wapinzani, wala mfungaji wa ajabu kwa kila fursa kama walivyodai mashabiki. Alikuwa mtu aliyeubeba mzigo mkubwa mno bila kushuka chini ya wastani, na kubeba mzigo nako ni kazi.

Mwaka 2004 mambo mawili yalikutana. Dean Oliver, aliyesomea uhandisi kama mimi, alichapisha kitabu Basketball on Paper, akieleza kwamba timu zipimwe kwa kila zamu 100 za mpira badala ya kwa mechi, kwa kuwa kuna timu zinazokimbia na zinazotembea. Mwaka huo huo NBA ilikaza kanuni ya kumkataza mlinzi kumzuia gadi kwa mkono mbali na kikapu. Njia zikafunguka. Phoenix Suns walikuwa wameshinda mechi 29 msimu uliotangulia. Walipompata Steve Nash wakashinda 62. Nash alifunga pointi 15.5 tu kwa mechi, lakini alitoa pasi za mabao 11.5, na ndiye aliyetunukiwa uchezaji bora. Miaka miwili baadaye, mwaka 2007, Tony Parker wa San Antonio, gadi wa mita 1.88, alikuwa mchezaji bora wa fainali, kwa kupenya katikati ya watu waliomzidi kimo.

Kipimo chenyewe cha kupenya kilikuja msimu wa 2013-14, NBA ilipofunga kamera sita katika kila uwanja wake, zikinakili mahali alipo kila mchezaji na mpira mara 25 kwa sekunde. Sasa ilibidi waamue: kupenya ni nini hasa? Wakakubaliana kuwa ni pale mchezaji anapoupata mpira akiwa angalau futi 20 kutoka kikapuni, karibu mita 6, kisha akaudunda hadi ndani ya futi 10, nje ya mashambulizi ya kushtukiza. Kwa mara ya kwanza tukaweza kuuliza: katika kila kupenya mara 100, gadi huyu hutupa mara ngapi, hupasi mara ngapi, hupata faulo ngapi, hupoteza mipira mingapi? Aliyefungua mlango akaanza kuandikwa.

Hata hivyo, wastani si ahadi. Tarehe 28 Mei 2018, katika mechi ya saba dhidi ya Golden State, Houston Rockets, timu iliyosifika kwa kufuata takwimu, walikosa mitupo 27 mfululizo ya pointi tatu na wakatolewa kwa 101 kwa 92. Mtu akichukua uwezekano wa kuingiza asilimia 35 kila mara, balaa hilo lingetokea chini ya mara moja katika majaribio laki moja. Lakini hesabu hiyo inadhani kila mtupo ni mgeni kwa mwenzake. Miguu iliyochoka hutupa mitupo yote ile. Na Chris Paul, gadi wao wa pili, alikuwa ameumia msuli wa paja, hivyo mzigo wa kupenya ukabaki kwa Harden karibu peke yake.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Katika msimu wake wa mwisho chuoni Connecticut, Thabeet alizuia mitupo 4.2 kwa mechi. Namba hiyo ilikuwa ya kweli, na ilitokana na jasho lake. Ila ilihesabu alichozuia akiwa chini ya kikapu, wakati ligi ilikuwa imeshafungua njia kwa magwiji wa kupenya wanaomvuta mlinzi mrefu atoke nje. Curry naye alikuwa ameongoza vyuo vyote vikuu kwa pointi 28.6 kwa mechi, na bado wakamwona mdogo wa mwili. Namba zilikuwepo mezani. Wenye kuchagua waliamua ipi ni ya kusikilizwa, na jicho lao lilikuwa bado linapima kimo.

Nayasema haya kwa sababu watoto wetu huku ugenini wanapimwa kila siku, shuleni, uwanjani na kazini, kwa karatasi walizoandika wengine. Tusizidharau karatasi hizo, maana nyingi ni za kweli. Ila mtoto akirudi na yake, baada ya kusoma kilichoandikwa, tumuulize pia: katika mechi hii, nani alifungua mlango?