Umri wa kuishi hukadiriwaje pasipo na daftari la vifo?

Makazi ya Nakivale, kusini mwa Mbarara nchini Uganda, yamepokea wakimbizi, wakiwemo Wanyarwanda, tangu miaka ya 1960. Vifo vingi vya zama zile havikuandikwa popote.

William Brass, Mskoti aliyejiunga na Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki mwaka 1948, alibuni njia ya kuwauliza walio hai. Mama hutaja watoto aliozaa na waliosalia. Kwa wazazi wenye miaka 20 hadi 24, uwiano wa waliokufa hukaribia uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Watu wazima huulizwa iwapo mama zao wangali hai. Majibu hulinganishwa na majedwali ya vifo, ndipo umri wa kuishi hukokotolewa.

Miongoni mwa wakimbizi kasoro yake ni nzito: mama aliyefia njiani pamoja na wanawe hana wa kumjibia.