Shahada ya Uuguzi Iliyosomwa Mbali: Je, Yatosha Kupata Leseni?

Ndugu wanadarasa wa Kemondo, na ninyi nyote wa Bukoba na Muleba mliokusanyika kusikiliza, kaeni vizuri na mfungue madaftari yenu. Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia inayogusa mfuko wa mzazi.

Siku hizi kijana aweza kukaa nyumbani, akajiandikisha katika chuo kilicho mbali, akasoma kwa vitabu anavyotumiwa au kwa kompyuta, na mwisho akapewa shahada. Mzazi huuza kahawa, huuza na ndizi, apate kulipa ada. Basi, swali letu ni hili: kijana huyo akipata shahada ya uuguzi kwa njia hiyo, je, ataruhusiwa kuvaa sare na kumhudumia mgonjwa? Ili tulijibu vizuri, yafaa kwanza tujue ruhusa hiyo ilianzaje.

DAFTARI LA WAUGUZI

Mwaka 1860 Bibi Florence Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', mjini London. Wanafunzi wake walijifunza ndani ya wodi, wakiwahudumia wagonjwa huku wakubwa wao wakiwatazama na kuwasahihisha. Lakini hata baada ya shule hiyo kuanza, mtu yeyote Uingereza aliweza kujiita muuguzi, awe amefundishwa au hakufundishwa. Mgonjwa hakuwa na njia ya kumtambua mjuzi.

Nchi ya New Zealand ilitunga sheria ya kuwaandikisha wauguzi mwaka 1901. Januari 1902 Bibi Ellen Dougherty aliandikwa wa kwanza katika daftari la nchi hiyo. Uingereza ilitunga sheria yake mwaka 1919. Tangu hapo, mgonjwa au hospitali iliweza kuuliza: je, jina la mtu huyu limo katika daftari?

Kwetu Tanganyika, sheria ya kuwaandikisha wauguzi na wakunga ilitungwa mwaka 1952, na Baraza likaundwa mwaka 1953. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1997, na tena mwaka 2010. Baraza lenyewe huitwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kazi yake ni kusimamia ubora wa mafunzo, kuandika majina ya waliofuzu, na kutoa leseni, yaani ruhusa ya kufanya kazi.

Hapa tushike jambo moja. Shahada hutolewa na chuo. Maana yake ni kwamba mtu amesoma na amefaulu. Leseni hutolewa na Baraza. Maana yake ni kwamba mtu huyu aweza kuaminiwa na mwili wa mwenzake. Hizi ni karatasi mbili, na zatoka katika nyumba mbili. Mtu aweza kuwa na ile ya kwanza na akakosa ile ya pili.

ELIMU YA MBALI SI ELIMU DUNI

Wengine husema kwamba masomo ya mbali ni ya bure tu, hayana thamani. Historia ya nchi yetu yakataa maneno hayo. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha masomo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza, kama mnavyosikiliza ninyi leo. Walipokwisha kusikiliza walizungumza, wakashika majembe, wakachimba vyoo. Redio iliwafikia watu ambao hakuna mwalimu wa afya angeweza kuwafikia wote kwa miguu.

Tena, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kikaanza kufundisha mwaka 1994. Wanafunzi wake husoma wakiwa makwao, na mjini Bukoba chuo hicho kina kituo chake. Shahada zake ni shahada kamili.

Lakini angalieni. Mtu ni Afya ilimfundisha mkulima kuchimba choo na kuchemsha maji. Haikumpa ruhusa ya kumchoma mtoto sindano. Ninyi wa Kemondo mnakaa kando ya Ziwa Victoria, nanyi mwajua: mtu aweza kusoma kitabu kizuri sana juu ya mtumbwi, akajua majina ya pepo zote, lakini hamtamkabidhi kasia siku ya mawimbi kama hajawahi kupiga kasia akiwa na mvuvi mzoefu kando yake. Uuguzi nao uko hivyo. Kuna sehemu ya kusoma, na kuna sehemu ya mikono. Ile ya kusoma yaweza kusafiri kwa posta au kwa kompyuta. Ile ya mikono hujifunzwa penye kitanda cha mgonjwa.

KENYA, MWAKA 2005

Sasa tuone mabaraza ya wauguzi yalipoletewa swali hili yalijibu nini. Tuanze na jirani zetu wa Kenya.

Kenya ilikuwa na wauguzi wapatao 22,000 wa ngazi ya cheti. Ilitakiwa wapande ngazi, wafike stashahada. Vyuo havikuwa na nafasi za kutosha kwa watu wote hao. Tena, kama wangeitwa wote chuoni, nani angebaki zahanati? Basi mwaka 2005 Baraza la Wauguzi la Kenya na shirika la AMREF walianza mpango wa kuwafundisha kwa kompyuta. Muuguzi alibaki kazini kwake, akasoma masomo yake katika kompyuta zilizowekwa karibu naye, na akafanya mazoezi hospitalini chini ya wasimamizi.

Mafunzo hayo yalikubaliwa. Kwa nini? Kwanza, Baraza lenyewe lilikuwamo tangu mwanzo. Pili, wanafunzi walikuwa wauguzi tayari, na majina yao yalikuwa katika daftari. Tatu, mazoezi ya wodini hayakuachwa. Nne, mwishoni walifanya mtihani wa Baraza. Kweli, ile ilikuwa stashahada wala si shahada, lakini swali lilikuwa moja na hili letu.

MAREKANI, MWAKA 2003

Sasa tuvuke bahari. Katika jimbo la New York, tangu miaka ya 1970, kulikuwa na mafunzo ya uuguzi ya mbali yaliyokuja kujulikana kwa jina la Excelsior. Mwanafunzi alisoma peke yake, akafanya mitihani ya kuandika, kisha akapimwa hospitalini kwa siku chache. Wengi wao walikuwa wamekwisha fanya kazi za afya za ngazi ya chini. Majimbo mengi ya Marekani yaliwapokea na kuwapa leseni.

Jimbo la California lilisema hapana. Baraza la huko liliamua kwamba waliojiandikisha katika mafunzo hayo tangu tarehe 6 Desemba 2003 hawataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni wa jimbo hilo. Sababu yake ilikuwa hii: sheria ya California yataka mwanafunzi afundishwe kwa vitendo chini ya msimamizi, wakati ule ule anaposoma darasani. Mtihani wa siku chache waweza kuonyesha mtu anajua nini. Lakini hauhesabiwi kuwa ni mafunzo.

Oneni jambo hili, ndugu. Mtu mmoja, mwenye shahada ile ile, alikuwa muuguzi halali katika jimbo moja, na katika jimbo jingine la nchi hiyo hiyo akakataliwa. Chuo hakikuwa cha uongo, na mwanafunzi hakuwa mvivu. Alipungukiwa na kitu kimoja tu kilichotakiwa na Baraza la mahali alipotaka kufanya kazi. Nao waliojua habari hiyo baada ya kulipa ada walikuwa wamechelewa.

JIBU LA SWALI LETU

Basi sasa twaweza kujibu. Shahada ya uuguzi iliyosomwa mbali yaweza kukubaliwa, nayo yaweza kukataliwa. Baraza hutaka kujua kama chuo na mafunzo yake yametambuliwa, na kama mwanafunzi alifundishwa kwa mikono chini ya macho ya mjuzi. Muuguzi aliye kazini anayetaka kupanda ngazi ana njia iliyo rahisi zaidi, kwa kuwa wodi anayo tayari. Kijana asiyewahi kuingia wodini ana safari ndefu, na kwa kompyuta peke yake hatafika. Huyo afikiri kwanza juu ya chuo chenye hospitali. Hapa kwenu wilayani Muleba, hospitali za Ndolage na Rubya zimefundisha wauguzi kwa miaka mingi.

Kabla ya kuuza kahawa au kuuza ng'ombe, mzazi na kijana waulize mambo matatu:

1. Je, Baraza la Uuguzi na Ukunga linayatambua mafunzo haya? Ulizeni Baraza lenyewe, wala msimwulize anayepokea ada. Na jibu liwe la maandishi.

2. Je, mazoezi yatafanyika katika hospitali gani, kwa muda gani, na nani atakayesimamia?

3. Kama chuo ni cha nchi ya nje, je, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania itaitambua shahada yake? Na je, waliosoma hapo hupewa leseni katika nchi ya chuo chenyewe?

Kama jibu la swali moja halipatikani, fedha zikae nyumbani kwanza. Kuuliza kwataka barua moja, na ninyi mliojifunza kusoma na kuandika mwaweza kuiandika wenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kuna tofauti gani kati ya shahada na leseni?
2. Kwa nini Baraza la Kenya liliyakubali mafunzo ya mbali, na Baraza la California likayakataa?
3. Taja kazi nyingine ambayo sehemu yake ya kusoma yaweza kufundishwa kwa redio, lakini sehemu ya mikono haiwezi.
4. Andika barua fupi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, uulize kama mafunzo ya chuo fulani yanatambuliwa. Mwalimu wa darasa asahihishe.

Kwaherini, ndugu wanadarasa, mpaka somo lijalo.