Umeme hauishi, hukatika



Hapa Kipawa, kama kwingine kote Dar, kuna sentensi mbili tunazozitamka karibu kila wiki. Ya kwanza ni "umeme umeisha". Hiyo ni pale uniti za Luku zinapogota sifuri. Ya pili ni "umeme umekatika". Hiyo ni pale mtaa mzima unapoingia giza na jenereta za wenye nazo zinaanza kutunyima usingizi. Leo natetea sentensi ya pili. Kwa hesabu za fizikia umeme hauishi, hukatika tu. Na ukilielewa hilo, historia ya umeme nchini mwetu inasomeka kwa jicho jingine.

Tuanze na tochi. Ndani yake kuna betri, globu, swichi na njia ya chuma inayoviunganisha. Ukiwasha, njia inakamilika na kuwa duara: kutoka ncha moja ya betri, kupitia globu, hadi ncha ya pili. Hiyo ndiyo saketi. Hapo chaji zinaanza kusogea. Zinazosogea ni elektroni, chembe ambazo J. J. Thomson alizitambua Uingereza mwaka 1897. Lakini betri haizimwagi kama maji ya ndoo. Waya wenyewe umejaa elektroni tangu ulipotoka kiwandani. Kazi ya betri ni kusukuma. Mwitaliano Alessandro Volta alitangaza betri ya kwanza mwaka 1800, akipanga visahani vya metali mbili tofauti na kuvitenganisha kwa vipande vilivyolowa maji ya chumvi. Ndiyo maana msukumo huo tunaupima kwa volti.

Fikiria mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedeli, gurudumu la nyuma linazunguka papo hapo, ingawa pingili iliyo mbele bado haijafika nyuma. Gurudumu haliuli mnyororo, unarudi mzima. Kinachotumika ni nguvu ya miguu yako. Elektroni nazo ni hivyo hivyo. Ndani ya waya wa tochi husogea polepole mno, kwa kawaida chini ya milimita moja kwa sekunde. Taa inawaka mara moja kwa sababu njia nzima inasukumwa kwa pamoja. Na mnyororo ukikatika pingili moja tu, kanyaga mpaka uchoke, huendi popote.

Umeme wa majumbani una tofauti moja: elektroni zake huenda mbele na kurudi nyuma, mara 50 kwa sekunde, kama msumeno. Msumeno hausafiri, lakini gogo linakatika. Kwa hiyo elektroni zilizo kwenye globu yako hapa Kipawa hazikutoka Kidatu. Zilikuwa hapo hapo. Kilichosafiri ni nishati ya maji ya mto Ruaha. Uniti moja ya Luku ni nishati ya kuendesha kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Zikikwisha, mita inaachanisha njia. Hata hapo, kwa hiyo, umeme umekatwa.

Sasa turudi kwenye historia. Umeme wa kwanza wa umma Tanganyika uliwashwa hapa Dar es Salaam na Wajerumani mwaka 1908, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wakoloni. Mwaka 1920, chini ya Waingereza, ukawekwa kwenye idara ya serikali. Mwaka 1931 ukakabidhiwa kampuni binafsi mbili, DARESCO na TANESCO. Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali ilianza kununua hisa, na ilipofika 1975 TANESCO yote ilikuwa mali ya umma. Mwaka huo huo mitambo ya Kidatu ikaanza kuzalisha.

Tukiisoma historia hiyo kwa viwanda na megawati peke yake, tunakosa jambo. Swali kubwa tangu 1908 limekuwa: nani yumo ndani ya duara? Waya wa msongo mkubwa unaweza kupita juu ya paa la bibi yako kijijini kwa miaka 30, naye akaendelea na kibatari chake. Umeme unapita, ila njia ya kwake haijaunganishwa.

Giza nalo, jamani, ni la aina mbili. Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa, Mtera na Kidatu vikakosa maji, tukaingia kwenye mgawo. Hapo duara lilikuwepo, msukumo ndio ulipungua. Mwaka 2008 ikawa kinyume chake, upande wa pili wa bahari. Tangu 1980 Unguja ilipata umeme kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, huku bara, hadi Fumba. Tarehe 21 Mei 2008 ikatokea hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani hadi 18 Juni. Bara mitambo ilikuwa inafanya kazi. Shaba ndani ya nyumba za Unguja ilikuwa imejaa elektroni kama siku zote. Lakini pampu za maji zilisimama na watu wakahangaika na ndoo, kwa sababu ya pengo sehemu moja ya njia. Desemba 2009 yakajirudia, safari hii hadi Machi 2010. Kebo mpya, yenye uwezo wa megawati 100, ilikuja mwaka 2013.

Leo tuna Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024. Ni jambo la kujivunia. Lakini bwawa linatibu giza la 2006, haliwezi peke yake kutibu la 2008. Transfoma ya mtaa ikiungua, nguzo iliyooza ikianguka, au bibi akikosa waya wa kuingia ndani, Rufiji nzima haitamsaidia.

Kwa hiyo mdau, kukiwa giza tena, usiishie kuuliza kama maji yapo bwawani. Uliza na duara limeachana wapi, na nani anapaswa kuliunga.