Kutoka Kiriba cha Khambhat hadi Kopo la Dzaleka

Katika insha hii nataka kutetea dai moja. Kazi ya kuokota mawe na kuyabingirisha mpaka yang'ae, ambayo majirani zangu wengi hapa Dzaleka wanaiona kuwa mchezo wa watu wenye muda wa kupoteza, ni sehemu ya historia ya Bahari ya Hindi, na kwa njia hiyo ni sehemu ya historia yetu sisi tunaosema Kiswahili. Mimi mwenyewe ni mwanagenzi tu wa kazi hii, sijatimiza mwaka. Nitaanza na ninachokifanya, kwa sababu asiyeijua kazi yenyewe atashindwa kuupima ushahidi wa historia yake.

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kilomita 40 hivi kaskazini mwa Lilongwe. Miamba ya nyanda hizi ni ya kale mno. Mingi ni ya aina ya naisi, yaani mwamba uliobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi mpaka ukapata mistari kama ya kitambaa. Ndani yake hupita mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu. Mvua na jua vikishaula mwamba, sehemu zake dhaifu hugeuka kuwa udongo mwekundu, ndio huu tunaofyatulia matofali ya nyumba zetu, lakini kwatzi haiozi. Hubaki juu ya ardhi. Kwa hiyo mtu anaweza kuokota mawe meupe, mengine ya kijivu kama moshi, mengine yenye madoa ya kutu, kwenye njia ya miguu tu, bila kuchimba hata shimo moja. Kuyatambua si kazi kubwa: kisu hakiyakwaruzi, nayo hukwaruza chupa. Katika kipimo cha ugumu alichokitunga Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatzi ni 7, na kioo hakifiki 6.

Nchi za wenzetu wana mashine ya umeme yenye pipa la mpira. Pipa hujazwa mawe, maji na unga mkali wa kusagia, likazunguka usiku na mchana kwa wiki moja. Kisha mawe huoshwa, unga laini zaidi hutiwa, likazunguka tena. Hatua ni nne, na kazi nzima huchukua kama mwezi. Unga unaopendwa ni kabaidi ya silikoni, uliogunduliwa na Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891. Mimi nina kopo la rangi lililowekwa mpira wa tyubu ndani, limefungwa kwenye ekseli ya baiskeli, nalo huzungushwa kwa mkono. Watoto wa jirani hupokezana mpini jioni. Badala ya unga natumia mchanga wa mto uliochekechwa, na kwa kuwa mchanga huo nao ni kwatzi, jiwe linasagwa na ndugu yake na kazi inakwenda polepole kweli. Baada ya miezi miwili kona zimelainika lakini mng'ao haujaja. Hapo namalizia kwa msasa wa maji, ule wanaotumia mafundi rangi wa magari, ambao hupatikana madukani Lilongwe kwa namba kuanzia 80 hadi 2000. Wazee wetu walisugulia mbao kwa majani ya mti uitwao msasa. Jina limehama kutoka jani hadi karatasi.

Sasa historia. Anayesoma juu ya burudani hii huambiwa mara nyingi kwamba ilianza Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili, pale mashine ndogo zilipoanza kuuzwa kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1950. Hiyo ni historia ya mashine, si ya kazi.

Katika mji wa Khambhat, jimbo la Gujarat, India, mafundi wa shanga wamekuwa waking'arisha akiki kwa kuibingirisha tangu zamani, na maelezo yake yaliandikwa na maofisa wa Kiingereza katika karne ya 19. Shanga zilizochongwa zilitiwa ndani ya mfuko wa ngozi pamoja na maji na unga wa mawe magumu. Mfuko ulifungwa, kisha watu wawili wakaketi wakitazamana na kuusukuma huku na huku, kutwa, kwa karibu wiki mbili, huku ukilowanishwa usikauke. Kile kiriba ndicho pipa la mpira la leo. Wale watu wawili ndio umeme. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza niliwaambia watoto wanaozungusha kopo langu, na mmoja akataka kujua walilipwa kiasi gani. Ni swali zuri kuliko mengi niliyosikia darasani.

Kazi ya shanga Gujarat ni ya kale zaidi ya maandishi hayo. Huko Lothal wanaakiolojia walifukua karakana ya shanga yenye umri wa miaka 4,000 na zaidi. Mawe yenyewe yalichimbwa milima ya Ratanpur, yakaanikwa juani, kisha yakapikwa ndani ya vyungu ili chuma kilichomo kigeuze hudhurungi kuwa nyekundu. Shanga hizo nyekundu zilivuka bahari. Neville Chittick alizipata alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, na Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anataja shanga na vitambaa vya Khambhat vikiuzwa katika bandari zetu hadi Sofala.

Lugha nayo ni shahidi. Kiswahili kina neno akiki, tulilolipata kwa Kiarabu, kwa jiwe lililokuja na jahazi na kuvishwa kwenye pete. Kwa jiwe jeupe lililojaa milimani kwetu, shuleni tunatumia kwatzi, neno lenye asili ya Kijerumani. Biashara ilikipa jina kilichouzwa.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: basi Wahindi walitengeneza na Waafrika walinunua. Hapa ndipo naona historia imesomwa nusu. Pale Ratanpur, karibu na machimbo ya akiki, kuna kaburi la mtakatifu wa Kiislamu aitwaye Baba Ghor. Wanaolitunza ni Masidi, Wahindi wenye asili ya Afrika, na mapokeo yao yanasema Baba Ghor alikuja kutoka Uhabeshi, na kwamba ndiye aliyeikuza kazi ya akiki. Bila shaka hakuianzisha. Lothal inamtangulia kwa maelfu ya miaka. Wapo watakaosema kwamba habari za watakatifu si ushahidi wa kihistoria, na ni kweli hatuwezi kuzitumia kuthibitisha tarehe. Lakini watu hawampi mgeni heshima ya kuwa baba wa kazi yao bila sababu. Kwa maoni yangu mapokeo haya yanahifadhi jambo ambalo hesabu za wafanyabiashara hazikujali kuliandika: kwamba Waafrika walikuwapo kwenye kazi yenyewe, katika machimbo na biashara ya jiwe, si ufukweni tu wakisubiri jahazi. Masidi wa Gujarat bado wana ngoma yao, nao huiita goma.

Haitakuwa haki kuishia kwenye sifa. Shanga zilikuwa fedha, na zilinunua vitu gani? Ukitoka Dowa kwenda kaskazini mashariki unateremka hadi Nkhotakota, kwenye ziwa. Huko ndiko Salim bin Abdallah, mfanyabiashara wa pwani, alikoweka makao yake katika miaka ya 1840, akaanzisha ukoo wa watawala walioitwa Jumbe. Majahazi yao yalivusha pembe za ndovu na watumwa hadi ng'ambo ya ziwa, kisha misafara ikawapeleka Kilwa. Vitambaa na shanga vilirudi njia ile ile. Kufikia wakati huo shanga nyingi zilikuwa za kioo, zikitoka Venice, lakini desturi ya kuhesabu thamani ya mtu kwa kete za shanga ilikuwa ya zamani. Kiswahili kiliingia nchi hii kwa njia hiyo kabla hakijaingia kwa njia yetu, sisi tuliokuja kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wazee wa vijiji jirani wanaposikia Kiswahili chetu wengine hutaja Nkhotakota, na si kila mara kwa tabasamu.

Kuna deni jingine, la mapafu. Vumbi la akiki na kwatzi likivutwa kwa muda mrefu huyafanya mapafu yawe magumu, na ugonjwa huo umewaua mafundi wengi wa Khambhat, hasa tangu mashine za kusagia zilipoongeza vumbi. Kiriba chenye maji kilikuwa na usalama ambao mashine kavu haina. Kwa hiyo sisagi wala sisugui jiwe kavu, na watoto hawagusi msasa. Tope linalobaki namwaga kwenye shimo mbali na kisima, kwa sababu likikauka huwa kama saruji. Maji ni yale yaliyokwisha kufulia. Hakuna mama wa hapa atakayekubali kusimama foleni ya bomba kwa ajili ya mawe, na yuko sahihi.

Nije kwenye swali ambalo mama mmoja jirani huniuliza: "Mwanangu, hayo mawe yatakupa nini?" Swali lake lina uzito. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Kamuzu Banda, ikakusudiwa watu 10,000 au zaidi kidogo. Leo tumepita 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, yakiwamo ya kazi na ya kutembea. Mwaka 2023 waliokuwa wakifanya biashara Lilongwe na miji mingine walitakiwa kurudi kambini. Kwenda Lilongwe kununua msasa ni safari ya kuomba ruhusa. Kando ya barabara hiyo utawaona akina mama Wamalawi wakivunja mawe kwa nyundo na kuuza kokoto za ujenzi kwa ndoo. Jiwe ni lile lile ninaloliviringisha mimi. Sijui kama ningethubutu kumweleza mmoja wao burudani yangu bila kwanza kununua ndoo moja.

Jibu langu kwa mama ni la mwanafunzi wa historia. Mabaki ya kale ya Malawi ya kati yametuachia zana ndogo ndogo za kwatzi, kama zile za pango la Chencherere huko Dedza, zilizochongwa na watu waliokuwako kabla ya Wachewa. Nikiona jiwe lenye makali yaliyochongwa naliacha lilipo, kwa kuwa nikilitia koponi nitafuta kazi ya mkono wa mtu, na sheria ya nchi inalilinda. Mengine naomba kwa mwenye shamba kwanza. Mmoja aliniita "achimwene", akacheka sana, kisha akanionyesha mwenyewe mahali kwatzi ya moshi inapotokeza baada ya mvua. Kila jiwe nalifungia karatasi: mahali, tarehe, nani alinionyesha. Shanga za Kilwa hazikuwa na karatasi kama hizo, ndiyo maana hatuwajui waliozisukuma.

Akiki ya kweli sina ila moja. Akiki za Malawi hutoka kusini, huko Chikwawa, ambako sijawahi kupata ruhusa ya kufika. Yangu niliinunua Lilongwe, kwenye soko la vinyago la Old Town, ina mistari ya samawati hafifu. Iko koponi, wiki ya sita sasa. Kwenye karatasi yake nimeandika: "Muuzaji anasema Chikwawa."