Bulengera

Bulengera ni mojawapo ya komini nne za mji wa Butembo, pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba, mkoani Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakazi wake wengi ni Wanande, waitwao pia Wayira. Kiserikali Bulengera ni sehemu ya mji, lakini historia ya watu wake inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa kama ya vijiji vilivyofikiwa na mji. Butembo yenyewe ilikua enzi za ukoloni wa Ubelgiji, kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs ilipoanza kazi eneo hilo, kisha ikapanuka kwa biashara ya Wanande. Pembezoni mwake kilimo kiliendelea: maharagwe, mihogo na migomba karibu na nyumba, mikaratusi ya mbao na makaa kwenye miteremko.

Huenda mtu akapinga hilo, akisema kwamba ongezeko la watu peke yake ni dalili ya mji. Hata hivyo, tangu mauaji ya raia yaanze wilayani Beni mwezi Oktoba 2014, wengi waliokimbilia Butembo ni wakulima waliofukuzwa mashambani, si watu waliovutwa na ajira za mjini. Idadi kamili nayo haiwezi kuamua ubishi huu, kwani sensa ya mwisho ya taifa ilifanyika mwaka 1984. Takwimu zozote za karibuni zichukuliwe kuwa makadirio.